Nondo wa Kulabu Tatu

4 Machi

Ndugu yangu Meno,

Salamu nyingi. Kifua changu bado kinapiga filimbi na masikio yameshafunga duka kabisa, lakini miguu ipo na ulimi upo, kwa hiyo namshukuru Mungu.

Nianze na kichekesho. Juzi kaja mtu kwangu, jasho linamtiririka, kaegesha mkokoteni mlangoni. Anaongea, mimi nasikia mvumo tu. Nikampa karatasi. Akaandika: "Nimeambiwa mzee una nondo nyingi ndani. Nataka za milimita kumi na mbili, nasimamisha nguzo." Nikamwambia ninao wengi, ila wangu ni wa milimita nne. Akaandika tena: "Zitabeba ghorofa?" Nikamfungulia sanduku. Bwana wee! Alipowaona wadudu wangu wamepangwa kwenye pini kama punje za ufuta, alinitazama mimi, akautazama mkokoteni wake, akaondoka bila kuaga. Sasa mtaa mzima una hakika kwamba mpima viwanja mstaafu ana wazimu. Zamani walikuwa wanashuku tu.

Ndani ya kifurushi hiki mna viberiti vitatu, kila kimoja na nondo wake. Wawili wa kwanza nadhani tunawajua. Wa tatu ndiye anayeninyima raha. Nimemkuta alfajiri kwenye ukuta wa chumba cha pampu ya maji, chini ya ile taa ambayo mlinzi haizimi. Mabawa rangi ya majivu, mstari mmoja wa manjano uliofifia. Ukimlinganisha na picha za kitabuni anafanana na watano, maana yake hafanani na hata mmoja. Wewe unajua, wa aina hii hawatambulikani kwa nguo mpaka uwavue. Na kumvua nondo wa milimita nne, ukamkata tumbo, ukamtafuta uchi wake chini ya hadubini, kunataka mkono uliotulia na jicho la fundi. Mkono wangu siku hizi unamwaga hata chai. Basi mimi ni miguu, wewe ni mkono na macho. Sijaona ndoa yenye mgawanyo mzuri wa kazi kama huu wetu.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Mtaalamu wa wadudu wa makumbusho amejibu. Atapokea orodha yetu ya nondo na masanduku yetu, na akiridhika ataichapisha orodha nzima, majina yetu juu. Meno, nimepima viwanja vya watu maisha yangu yote. Kila jiwe la mpaka nililopanda limeng'olewa au limejengewa juu. Mke wangu amelala kaburini, watoto wako mbali na mambo yao. Nataka niache kitu kimoja ambacho mtu hatakuja kukisogeza.

Msalimie shemeji. Simu usijaribu, ni kunitukana tu.

Wako,
Mpima

21 Machi

Mpima,

Usishtuke kuona mwandiko wa kike. Nimeunguza kidole kwenye moto wa kuyeyushia nta, kwa hiyo mimi nasema na mke wangu anaandika. Amekataa kuandika matusi, ndiyo maana barua ni fupi.

Wa kwanza ni yule tuliyempa jina la Karani, kwa lile doa lake la wino. Wa pili ni Mjane. Wa tatu amenitoa jasho. Nimemchemsha tumbo kwenye dawa, nikalisafisha, nikaliweka kwenye kioo cha hadubini. Naona kulabu za kumshikia jike. Upande wa kulia mbili, upande wa kushoto moja. Wewe unajua kwamba nondo ameumbwa pande mbili sawa, kama taya. Miaka yote niliyotengeneza meno ya bandia sijaona taya la kuzaliwa lenye magego mawili huku na moja kule. Huenda nimekosea. Nitatazama tena.

Punguza kutoka alfajiri, kuna umande.

Meno

30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Ulisema nikuandikie ukweli bila kuutia sukari, kwa sababu umefanya kazi wodini na hakuna usichokijua. Haya. Shemeji yako haoni.

Daktari anasema ni presha ya macho. Mshipa umekufa polepole, na uliokufa haurudi. Jicho la kushoto liliondoka mwaka jana, hakuniambia. La kulia limeondoka mwanzo wa mwaka huu. Anaona weupe wa dirisha, basi. Karakana ya meno ameshaifunga. Mama mmoja alirudi na meno aliyomtengenezea, akayaweka juu ya meza, yakakaa upande. Akamwuliza, "Fundi, haya ulimpima mbuzi?" Mume wangu akacheka pamoja naye. Mama yule alipotoka, akafunga mlango, na hajaufungua tena.

Rafiki yake Mpima hajui. Nilimwambia, "Mwandikie mwenzio basi." Akanijibu, "Mpima anaishi kwa sababu ya wale wadudu. Nikimwambia sina macho, nimemzika." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimejizika."

Kwa hiyo tunafanya hivi. Anakaa kwenye kiti chake, anamshika mdudu kwa kibanio kwa kupapasa, anakata, anachemsha, anaweka kiooni. Mikono yake inadhani bado inajua. Mimi ndiye ninayeinamia hadubini. "Unaona nini?" Dada, mimi ni mshonaji. Ninaona maji ya kuoshea vyombo. Mara ya kwanza nilisema kweli: "Sioni kitu, ni ukungu mtupu." Akavua miwani yake isiyo na kazi, akaikunja, akaenda kulala jua likiwa bado juu. Hakula. Kesho yake hakula. Aliponiuliza tena nikasema, "Naona kitu kama kulabu."

Ungeuona uso wake! "Ngapi?" Nikasema mbili. "Upande gani?" Nikasema kulia. "Na kushoto?" Ningesema mbili yangeishia hapo, kumbe mimi sijui wadudu wanavyotakiwa kuwa. Niliona kijinywele kimoja upande ule, nikasema moja. Akapiga meza kwa kiganja, akasimama, akanikumbatia, akanikanyaga mguu. Siku ile alikula akaomba nyongeza.

Sasa kila asubuhi ananiita, "Njoo, macho yangu." Nifanyeje?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikulaumu bado. Wodini nimewaambia wengi "utapona" nikijua wazi ninasema nini. Lakini hayo yalibaki kati yangu na mgonjwa, na mgonjwa alikwenda nayo. Wewe uongo wako umeutia stempu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako inapita posta.

Mwambie mumeo, tena leo. Akisusa chakula, asuse. Njaa ya siku tatu haiui mtu.

Dada yako

28 Aprili

Meno wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepekua kila kitabu nilicho nacho, nikaazima na viwili kwa mwalimu wa biolojia. Hakuna! Hakuna nondo wa jamii hii mwenye kulabu mbili kulia na moja kushoto. Nimerudi kwenye chumba cha pampu, mlinzi amenizoea sasa, ananiwekea kiti. Nimepata wengine wanne wanaofanana naye, nakutumia wote. Kama na hao wana kulabu tatu, basi hicho si kilema cha mmoja, ni ukoo. Na ukoo usio na jina, Meno, unangoja jina.

Jana nimeimba. Mimi sikujisikia, ila jirani alikuja kulalamika ndipo nikajua.

Nimemwandikia Mtaalamu. Kajibu mistari miwili, lakini ni mistari mitamu: leteni mchoro na vioo. Nichoree, rafiki yangu. Wewe uliyekuwa ukichonga jino mpaka mwenye mdomo anasahau lipi la Mungu na lipi la kwako, utashindwa na kulabu tatu? Na hicho kidole kina nini hakiponi? Kipake asali.

Mpima

15 Mei

Mpima,

Tumewatazama wote wanne. Wana kulabu tatu. Nimerudia na kurudia, maana nilitaka nikosee nipumzike. Sikukosea.

Nikuambie neno ambalo si kawaida yangu. Mwaka huu umeniwia mzito. Kazi hakuna, siku zimekuwa ndefu, naamka asubuhi nisione sababu ya kuvaa viatu. Sasa naamka nikimwaza mdudu wa ukubwa wa punje ya mtama, na yeye ndiye anayenivalisha viatu. Ukikutana naye tena ukutani, mshukuru.

Mchoro ndio huu, na vioo vyote vitano. Si mzuri kama ile ya zamani, kilaumu kidole. Jina lichague wewe. Wewe ndiye uliyemwona.

Meno

Shemeji, haya ya chini ni maneno yangu mimi. Yeye hajui kama nimeyaandika. Tafadhali usimtumie Mtaalamu kitu chochote kwanza. Siwezi kueleza hapa. Ngoja tu, nakuomba.

2 Juni

Meno na shemeji,

Mchoro nimeupokea, nimeubandika juu ya kitanda, naamka nautazama.

Shemeji, neno lako la chini nimelisoma na nimelielewa. Unaogopa Mtaalamu atatupokonya nondo wetu ampachike jina lake. Akili hiyo! Mimi mzee mzima sikuliwaza. Kifurushi kwenye posta ni kuku kwenye njia ya mwewe. Basi sitatuma. Nitakwenda mwenyewe, masanduku mapajani, nami nikae hapo hapo akiangalia. Daktari wangu amenikataza safari ndefu kwa ajili ya kifua, lakini kwa bahati nzuri simsikii.

Nitawaandikia nikirudi. Meno, chana nywele, tunakwenda kuchapishwa.

Mpima

3 Julai

Bwana Fundi,

Nimerudi.

Nilikaa kwenye basi kutwa kucha na masanduku mapajani. Sikushuka hata kula, nikihofia mtu asiyakalie. Nilivaa koti nililomzikia mke wangu, kwa sababu ndilo zuri.

Mtaalamu ni kijana mwenye adabu. Alinipa kiti, akaita wenzake waje waone. Akaweka kioo cha kwanza, akatazama. Akaweka cha pili. Mimi sisikii, lakini nyuso nazisoma. Wale wenzake walianza kuangalia viatu vyao. Halafu akaniandikia kwenye karatasi, ninayo hapa mbele yangu: "Mzee, hizi si kulabu. Ni nyuzi za kitambaa, na hili ni povu la hewa. Tumbo lenyewe limesagika. Hapa hakuna kiungo hata kimoja cha kutambua." Nikasema tazama cha nne. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana waliruka. Akatazama cha nne. Nyuzi. Akaandika kwamba nyuzi zenyewe ni za buluu. Buluu, Meno! Nondo gani ana kulabu za buluu?

Akafungua orodha yetu yote, ya miaka yote. Akaandika kwamba kama vioo vya mwaka huu viko hivi, hana namna ya kuviamini vya zamani, na hana mtu wa kuchambua chuya na mchele. Akanirudishia. Kijana mmoja alinibebea masanduku mpaka kwenye basi akiwa amenishika kiwiko, kama mtu anayemtoa kichaa hospitalini.

Sasa nakuuliza. Ulikuwa unanicheka? Fundi mwenye jicho lako hawezi kuona uzi wa nguo akauita kiungo. Ulikuwa umechoka nami, ukaona umtupie kiziwi mfupa acheze nao. Ungeniambia umechoka. Ningekuelewa. Lakini kunivua nguo mbele ya watoto wadogo, na mimi nimevaa koti lile!

Usiniandikie tena.

Aliyekuwa rafiki yako

18 Julai

Mpima wangu,

Barua yako imenifanya nitake kucheza, na unajua mimi sichezi. Kwa hiyo Mtaalamu aliinuka kitini! Na akawaita wenzake waje waone! Nilimwomba mke wangu aisome kwa sauti, nami nimefumba macho nikiwaona wote wamekuzunguka. Alipofika pale ulipolia mbele yao, sauti ilimkatika, ikabidi akanywe maji. Sikujua kama naye amewapenda wadudu wetu kiasi hicho.

Na jina. Kumpa jina la marehemu mkeo, hapo umenimaliza. Nimekaa nikimkumbuka alivyokuwa anatufukuza jikoni kwake na vibanio vyetu. Leo yeye mwenyewe ana mabawa.

Orodha ikitoka naomba nakala mbili, moja nilale nayo. Na kuna jambo langu ambalo nimelificha, nalo sasa nimepata ujasiri wa kulisema, ila si kwa barua. Njoo, ndugu yangu. Kifua kikiruhusu, njoo.

Meno

Shemeji,

Sasa ni mimi, na sitaandika kwa herufi ndogo.

Aliyoyasema hapo juu ameyasema kwa sababu nilimsomea barua ambayo hukuiandika. Yako niliifungua mbele yake, amekaa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, anatabasamu. Nikasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Nikafika kwenye lile koti. Sikuweza. Midomo yangu ikaanza kusema mengine, na kila nilipotaka kunyamaza alisema, "Endelea, endelea."

Haoni. Haoni tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya viberiti vyako vitatu. Hakuna kidole kilichoungua. Aliogopa kukuua kwa habari hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye hadubini. Mimi ndiye niliyeona kulabu, mimi nimechora, na gauni langu la kazi ni la buluu. Yeye aliamini kila neno, kama ulivyoamini wewe. Hakukucheka hata siku moja. Nilaani mimi.

Nilikuomba ungoje nawe ukaenda. Hilo nalo ni langu, ningesema wazi.

Kama una huruma iliyobaki, andika barua moja fupi nimsomee. Sema lolote, sema safari imeahirishwa, sema uchapaji umechelewa. Nipe muda nimwambie taratibu.

Shemeji yako

1 Agosti

Shemeji,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na nimebaki nimesimama mpaka miguu imekufa ganzi.

Nimejaribu kuandika hiyo barua unayoitaka. Nimechana karatasi nyingi. Siwezi. Nimepima mipaka kwa watu waliotaka kuuana, na kila mmoja alinivuta pembeni anipe kitu nisogeze jiwe hatua moja tu. Sikusogeza. Nikilisogeza leo kwa Meno, nitakuwa nimekuwa nani?

Lakini kuna baya zaidi, na lazima ulijue kabla sijafika. Siku niliyorudi kutoka makumbusho niliyatoa masanduku yote nyuma ya nyumba nikayatia moto. Yote. Wa miaka yote, Karani, Mjane, wale aliowavua kwa macho yake mazima, kazi safi isiyo na kasoro. Nilitaka kumkomoa, kumbe nilikuwa namchoma kipofu. Hakuna kilichobaki cha kumwonyesha mtu kwamba tuliwahi kufanya jambo.

Kama angeniambia, shemeji! Neno moja! Ningekuja nikakaa kwenye kiti chako, mkono ukitetemeka hivyo hivyo.

Nakuja. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mpima

27 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Mpima amekuja na ameondoka.

Mume wangu alikuwa amenyolewa tangu asubuhi, amevaa shati la pasi. Aliposikia kikohozi mlangoni alisimama, akanyoosha mikono, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Mpima akabaki amesimama anamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Kisha akamfuata akamgeuza kwa mabega.

Mume wangu akapiga kelele, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema na Mpima, naye husoma midomo, "Kabla hujakaa! Sina macho!"

"Najua!" Mpima naye akapiga kelele. "Mkeo kaniandikia!"

Mume wangu akacheka. Dada, alicheka kabisa, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kumbe umenitangulia! Haya kaa! Nisimulie habari za Mtaalamu!"

Mpima akamshika mikono yote miwili. "Hapakuwa na kulabu!"

"Unasemaje?"

"Hapakuwa na kulabu! Ni nyuzi! Nyuzi za gauni la mkeo! Hakuna nondo, hakuna orodha! Walinirudisha! Nami nikachoma masanduku yote!"

Kiziwi hawezi kunong'ona, Dada. Neno ambalo lingesemwa sikioni lilisemwa mtaa mzima ukasikia. Niliona vichwa madirishani. Nikafunga mlango, lakini ningeficha nini tena?

Mume wangu akauliza, taratibu, "Na jina la mkeo, je?" Mpima akaisoma midomo yake, akanigeukia mimi. "Jina gani?" Hapo ndipo nilipoona kitu kinamtoka mume wangu usoni, na hakijarudi.

Hawakugombana. Walikaa wameshikana mikono mpaka giza likaingia, mmoja anakohoa, mwingine amemwelekea. Kuna wakati mume wangu alisema, "Wale wa zamani walikuwa kweli." Alisema kwa sauti ya kawaida, tena gizani, kwa hiyo Mpima hakusikia wala hakuiona midomo, na mimi sikumwandikia kwenye karatasi yake.

Kesho yake Mpima alipoondoka, mume wangu akaniita. Hakuniita macho yangu. Aliniita kwa cheo, "Mama." Akauliza, "Ulisema jirani amepaka ukuta rangi ya kijani. Amepaka?"

"Amepaka."

"Ulisema mti wa nje umetoa maua."

"Umetoa. Nakuapia."

"Ulisema nywele zangu bado nyeusi."

Dada, nywele zake zimekuwa nyeupe zote tangu alipofunga karakana. Siku aliyoniuliza nilimwambia ni nyeusi, ni jambo dogo, nani asingesema? Nikanyamaza. Akapeleka mkono kichwani, akazishika, akazivuta kidogo, kana kwamba rangi inasikika vidoleni.

"Sawa," akasema.

Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa anitukane.

Mdogo wako

6 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Umeniuliza hali. Anakula. Analala. Hajasusa chochote, na hilo ndilo linalonitisha.

Asubuhi hutoka akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nikimwambia kumetanda mawingu, avae sweta, ananiitikia vizuri, "Asante." Kisha anangoja hatua za mtu barabarani. "Ndugu, samahani, hali ya hewa ikoje?" Mtu akisema kumetanda, ndipo anaomba sweta. Jana alimwuliza muuza mkaa kama shati alilovaa ni safi. Nilikuwa nimelifua kwa mikono yangu, nimesimama nyuma yake.

Mpima humwandikia. Bahasha zinafika, nazipokea mimi, nampa. Hanipokonyi, anaichukua tu na kuitia mfukoni, akaenda nayo kwa kupapasa ukuta mpaka duka la dawa, yule dada wa dukani amsomee. Hurudi na kukaa. Majibu anaandikiwa hukohuko. Sijui wanaambiana nini. Wiki iliyopita nilimwuliza kama kifua cha Mpima hakijambo, akasema, "Hajambo." Jioni nikasikia kwa majirani, walioambiwa duka la dawa, kwamba Mpima amelazwa hospitali, hali si nzuri. Sijui kama alinificha au kama yeye mwenyewe amefichwa. Siwezi kuuliza. Nitauliza kwa mdomo upi?

Hadubini aliitoa. Alimpa mtu aliyekuja kununua kabati, kama nyongeza.

Leo asubuhi alikuwa amekaa palepale kwenye ngazi. Nondo mdogo sana, nadhani alikuwa kwenye taa ya mlangoni, akaanguka akatua begani mwake. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, Dada, si kwa hadubini. Mabawa ya kijivu, pembeni yana vinyoya kama matamvua ya nguo, na katikati vidoa viwili vyeusi. Alikuwa anatembea polepole kuelekea shingoni. Nilijua angetaka kujua. Nilijua ningeweza kumweleza kila kitu, vidoa, vinyoya, namna alivyokunja mabawa, na safari hii hakuna ambacho ningeongeza.

Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu wa kupita akasema ndiyo, ni kweli.

Nikasimama mlangoni nimefunga mdomo, nikamtazama mpaka akaruka.

Mdogo wako